Mama Vinundu na bakteria aliyepotea bondeni

Saa mbili asubuhi, mlango wa chumba cha mwisho katika kituo cha utafiti wa kilimo umefungwa. Madirisha nayo yamefungwa, ingawa joto limeanza kupanda, na feni imezimwa. Mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani ameketi mbele ya taa ya spiriti, na hataki mtu apite nyuma yake.

"Upepo ni adui," anasema bila kugeuka. "Ukitaka kukohoa, nenda kakohoe nje."

Anashika waya mwembamba wenye kitanzi nchani, anauchoma kwenye moto mpaka unakuwa mwekundu, kisha anausubiri upoe. Kwa kidole cha mwisho cha mkono uleule anachomoa kizibo cha pamba kwenye mrija wa kioo, anapitisha mdomo wa mrija motoni, anachota kitu kinachofanana na tone la maziwa yaliyoganda na kukipaka ndani ya mrija mpya, kwa mstari wa kupindapinda. Anaziba. Ndipo anapovuta pumzi.

"Huyo amehamia nyumba mpya," anasema, sasa anatabasamu. "Ana chakula kipya. Akikimaliza nitamhamisha tena."

Anayemzungumzia ni bakteria. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, kila mtu hapa anamwita mhudumu huyu wa maabara Mama Vinundu, na waliokuja kazini juzi hawajui kama ana jina jingine.

Vinundu vyenyewe ni vile vivimbe vidogo, vingine kama punje ya mtama, ambavyo mtu huviona aking'oa shina la maharage, kunde au karanga. Asiyevijua hudhani ni ugonjwa. Kumbe ndani ya kila kimoja mnaishi bakteria kwa mamilioni, nao wana kazi ambayo mmea wenyewe hauiwezi: kuchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari unayoitengeneza kwenye majani.

"Nilipoanza kazi nilielezwa kwa maneno machache tu," anakumbuka Mama Vinundu. "Niliambiwa hewa imejaa chakula, lakini maharage hayana mdomo wa kukila. Hawa ndio mdomo. Nikasema basi, nimeelewa, nipeni kazi."

Kazi aliyopewa mwanzoni haikuwa hiyo. Alikuja kituoni akiwa msichana aliyemaliza shule ya msingi, akapewa karai, brashi na mlima wa vyombo vya kioo vya kuosha. Alikuwa aoshe tu. Lakini kila alipofungua kisahani kabla ya kukizamisha kwenye maji ya moto, alikuwa akitazama kwanza kilichoota ndani.

Siku moja mkuu wa kitengo, mtaalamu wa udongo ambaye wote walimwita Daktari Mkubwa kwa sababu ya urefu wake, alimkuta ameinamia kisahani.

"Unatafuta nini humo, binti?"

"Sitafuti kitu, mzee. Nawaangalia tu. Wa jana walikuwa na umanjano. Hawa ni weupe na wana ute."

Daktari Mkubwa alichukua kile kisahani, akakigeuza kwenye mwanga, akacheka. Wiki iliyofuata mtu mwingine alikabidhiwa karai, na yule binti akakalishwa mbele ya taa ya spiriti.

Akizungumzia miaka hiyo, Mama Vinundu hubadilika. Sauti hupanda, mikono huanza kuchora hewani. Anasema asubuhi zilikuwa zikinuka hamira na sukari iliyoungua, kwa sababu uji wa kulishia bakteria ulipikwa kwenye sufuria kubwa ya presha, na mpishi wake alipenda kupiga soga akausahau.

Uani, udongo mweusi uliochimbwa kwenye kinamasi ulianikwa juu ya mabati, ukatwangwa, ukachekechwa mpaka ukawa laini kama unga. Humo ndimo bakteria walichanganywa na kufungwa kwenye pakiti. Mkulima alikuwa anapaka unga huo kwenye mbegu zake kabla ya kupanda, na bakteria wanasubiri mzizi wa kwanza utokeze.

"Sote tulikuwa weusi kuanzia kichwani mpaka kwenye kope," anasema. "Mtu akicheka unaona meno tu. Mlinzi alikuwa anaweka redio yake dirishani, tunapakia huku tunaimba. Mvua zikikaribia, wakulima wanapanga foleni mpaka nje ya geti. Wengine wamekuja na baiskeli kutoka mbali. Ukimpa mtu pakiti yake anaikumbatia hivi, kama kitoto."

Anaonyesha jinsi ilivyokuwa ikikumbatiwa, kisha anaishusha mikono.

Lakini hakuna alichokipenda kama safari. Daktari Mkubwa aliamini kwamba bakteria wazuri hawatengenezwi ofisini, wanatafutwa. Kabla ya kila msimu kuisha alikuwa akipakia majembe, visu na mifuko kwenye gari la kituo, na kwenda mashambani kuchimba mizizi. Alimchukua Mama Vinundu kwa sababu ya mikono yake mitulivu, na dereva kwa sababu gari haliendi lenyewe.

Dereva huyo alikuwa kijana mwembamba, msemaji sana, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba za watu.

"Nilikuwa simpendi," anasema Mama Vinundu waziwazi. "Anaongea kuanzia tunatoka mpaka tunarudi. Nikimwambia dereva, hebu tupumzike, anasema masikio yako yapumzike, mdomo wangu haujachoka."

Ilikuwa katika safari moja ya namna hiyo walipofika kwenye bonde lililobanwa na vilima viwili. Kote walikopita maharage yalikuwa ya njano, yamedumaa. Udongo wa huko una tindikali nyingi, na katika udongo wa hivyo bakteria wengi wa maharage hufa au hushindwa kuingia kwenye mizizi. Lakini chini kabisa, kwenye shamba la bibi mmoja mjane, maharage yalikuwa yamesimama, ya kijani kibichi mpaka yanakaribia weusi.

"Bibi, umeweka mbolea gani?" Daktari Mkubwa aliuliza.

"Mbolea naipata wapi, baba? Mama yangu alipanda hapahapa, na mama yake alipanda hapahapa."

Daktari alipiga magoti. Akachimba taratibu, akasuuza mizizi kwenye ndoo, akapasua kinundu kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria wako kazini. Kinundu kilicho cheupe au cha kijivu ndani hakina faida kwa mmea.

"Alipiga kelele 'Damu! Damu!' Yule bibi akaja mbio akidhani mzee amejikata," anasema Mama Vinundu, na kicheko kinamshika mpaka anajifuta macho kwa kitambaa. "Mtu mzima, ana miwani, anarukaruka shambani kama mtoto."

Walichukua vinundu vyao, wakaaga. Dereva akarudisha gari nyuma, na tairi zote mbili za nyuma zikazama kwenye tope pembeni mwa shamba. Walisukuma mpaka jua likaanza kushuka. Dereva alipojaribu kuvuta mguu, kiatu chake kilibaki chini, na hakikuonekana tena. Akasimama na mguu mmoja hewani kama korongo, kofia ingali kichwani.

Hapo ndipo binti wa maabara, ambaye hakuwahi kumpa hata tabasamu, alicheka mpaka akakaa chini.

Dereva akamtazama. "Dada," akasema, "ukicheka hivyo tena, kesho nakwama kusudi."

Mwaka uliofuata walioana.

Bakteria yule alipofika maabara alipewa namba, kama wenzake wote. Lakini kitengo kizima kilimwita Bondeni. Kwa miaka mingi ndiye aliyepakiwa kwa ajili ya wakulima wa vilimani. Aliweza kuishi mahali ambapo wengine hawakuweza, na maharage yaliyopandwa naye yaliacha naitrojeni ya kutosha kwenye mizizi na majani, hata mahindi ya msimu uliofuata yakanufaika.

Kisha mambo yakageuka. Mbolea ya yurea ikawa rahisi na ikapatikana kila duka. Mkulima akimwaga leo, wiki haipiti anaona majani yamebadilika. Nani ahangaike na pakiti ya unga mweusi? Foleni ya getini ikapungua, mwisho ikaisha. Fedha za kitengo zikakatwa. Wafanyakazi kumi na wawili wakaondoka mmoja mmoja, Daktari Mkubwa akastaafu, na miaka michache baadaye akafariki.

Mama Vinundu akahamishiwa kwenye usafi wa ofisi, mshahara ukashuka kwa karibu theluthi moja. Alibaki na kitu kimoja tu cha zamani: ufunguo wa kile chumba cha mwisho. Hakuna aliyemwambia aurudishe.

"Mle ndani kulikuwa na friji, na ndani ya friji kulikuwa na mirija yetu yote," anasema. "Bakteria ukiwaacha kwenye chakula kilekile wanakimaliza, wanakufa. Ningewezaje kupita na ufagio wangu mlangoni kila siku, ninajua wako ndani, nijifanye sijui?"

Basi kila baada ya miezi kadhaa, akishamaliza kufagia, alijifungia mle, akawasha taa ya spiriti, akawahamisha. Dereva, ambaye wakati huo alikuwa bado akiendesha gari la kituo, alimletea hamira na sukari kutoka dukani. Wakubwa wa kituo walijua. Walimwacha.

Hali ikawa hivyo mpaka mwaka ule wa dhoruba. Nguzo za umeme zilianguka, transfoma ya kituo ikaungua, na umeme haukurudi kwa wiki nyingi. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Mama Vinundu alizungushia friji mablanketi yenye maji, akaomba barafu sokoni kwa wauza samaki, akahamisha mirija aliyoweza kwenye mtungi wa udongo. Haikutosha. Mingi ilikauka, mingine ikaota ukungu.

Umeme uliporudi alikaa siku nzima akijaribu kuwaamsha mmoja baada ya mwingine. Wachache waliota, nao hawakudumu. Bondeni hakuota.

Mumewe anaikumbuka siku hiyo. Sasa ni mzee aliyestaafu, ana tatizo la macho lililomfanya aache usukani, lakini mdomo wake haujastaafu. Anapokea wageni sebuleni kwake akiwa na kofia kichwani.

"Alirudi nyumbani akaniambia tumefiwa," anasimulia. "Nikauliza nani? Akasema Bondeni. Mtu mwingine angecheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi."

Miaka ikapita. Kile chumba kikajaa viti vibovu. Kule vilimani, wakati huohuo, yurea iliyomwagwa msimu baada ya msimu ilikuwa ikifanya kazi nyingine ambayo haikuonekana kwa macho. Bakteria wengine wa udongoni huigeuza mbolea hiyo hatua kwa hatua, na katika kugeuzwa huko udongo huzidi kuwa na tindikali. Sehemu ya naitrojeni husombwa na mvua kabla mizizi haijaifikia. Mkulima akaongeza mbolea, mavuno yakapungua. Kisha bei ya mbolea ikapaa, na wengi wakashindwa kabisa.

Ndipo akaja mtafiti mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini na miguu isiyochoka. Alipewa jukumu la kufufua kitengo. Siku ya kwanza alikuta mlango wa chumba cha mwisho umefungwa, akauliza ufunguo uko kwa nani, akaelekezwa kwa mama wa usafi.

"Alinifungulia, tukaanza kutoa viti," anasema mtafiti huyo. "Nyuma ya viti nikakuta taa, waya, vizibo vya pamba, vyote safi, vimefunikwa kitambaa. Nikamuuliza, mama, wewe ulikuwa unafanya nini hapa? Alinihadithia mpaka saa ya kufunga ofisi."

Mtafiti alimrudisha kwenye meza yake ya zamani. Waliagiza bakteria kutoka nje, wakatengeneza pakiti za kwanza. Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri. Vilimani, vinundu vilivyochimbwa vilikuwa vyeupe ndani, vingine vitupu kabisa. Wakulima waliopewa mbegu za majaribio walirudi wamekunja uso.

"Tungekuwa na Bondeni," Mama Vinundu alisema jioni moja, walipokuwa wakiosha vyombo.

Mtafiti akaacha kusuuza. "Mama, kwa nini tusimfuate alikotoka?"

"Mwanangu, yule bibi alikufa zamani. Hata sijui kama kuna mtu bado analima pale."

"Hata kama hakuna. Hawa wakikosa mmea hawafi wote. Wengine wanaweza kubaki kwenye udongo miaka mingi, wachache wachache, wanaishi kwa shida. Wakipata mzizi wa maharage, wanarudi kazini."

Mama Vinundu anasema usiku huo hakupata hata lepe la usingizi. Maandishi ya kituo yalitaja eneo tu, si shamba. Aliyeijua njia alikuwa amelala pembeni yake, anakoroma.

Waliondoka asubuhi ya Jumamosi. Dereva wa sasa alishika usukani, mzee akakaa kiti cha mbele. Haoni vibao vya barabarani, lakini alikuwa akiongoza kwa milima na kona. "Hapa tunapanda. Sasa gari litalalia kushoto. Daraja bado?" Barabara nyingine zilikuwa zimewekwa lami, na hilo lilimkera.

"Wameondoa mashimo yangu yote," alilalamika. "Nitajuaje tulipo?"

Walifika. Kwenye nyumba ya yule bibi walimkuta binti yake, naye sasa ana mvi. Aliwakumbuka. Alisema watoto wa kijiji walikichimba kile kiatu mpaka wakachoka. Lakini shamba la maharage halikuwapo. Nyuma ya nyumba palisimama mikaratusi, mirefu, iliyonyooka, na chini yake hapakuota hata jani.

Walichimba udongo kati ya miti, wakajaza mifuko, wakarudi. Kwenye banda la mimea la kituo, walipanda maharage kwenye vyungu vyenye mchanga uliochemshwa kwa mvuke, kisha wakatia udongo kidogo wa bondeni. Pembeni waliweka vyungu vingine visivyotiwa udongo huo, ili wajue kama bakteria wameingia kutoka kwingine.

Mama Vinundu alikuwa akipita bandani asubuhi na jioni. Baada ya wiki kadhaa waling'oa. Mizizi ilikuwa mitupu, laini kama nyuzi. Waling'oa chungu cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Hakuna kitu.

"Nilijikaza mbele ya mtafiti wetu, maana na yeye machozi yalikuwa yanamlengalenga," anasema. "Nikamwambia tumejaribu. Nilipofika nyumbani sikula."

Mumewe alimsikia akigongagonga vyombo jikoni. Akamwita.

"Mama watoto, hebu njoo. Mlichimba wapi hasa?"

"Si ulikuwepo? Nyuma ya nyumba, kwenye miti."

"Mimi nilikaa kwenye gari. Nyuma ya nyumba ipi?"

"Nyumba ina nyuma ngapi, baba watoto?"

"Mbili! Siku ile tuliingia kwa mlango unaotazama kijito. Nakumbuka nilikaa kizingitini nikaosha mguu wangu. Safari hii tumeshukia wapi? Nimesikia kuku, nimesikia redio, maji sikuyasikia. Hiyo nyumba imegeuzwa."

Mama Vinundu alisimama na kijiko mkononi. Kisha akakumbuka: gari lilirudi nyuma likiyaacha maji mbele yake. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba ya zamani, mbali na kijito, na sasa upande huo ndio mbele ya nyumba.

Jumamosi iliyofuata walikuwa tena njiani. Binti wa marehemu bibi alipoulizwa alishika mdomo. Ndiyo, nyumba ya zamani ilibomolewa, mpya ikajengwa kutazama barabara. Yeye alidhani wageni wanataka udongo wa shamba kubwa. Maharage ya mama yake yalikuwa huku mbele, hapa panapofungwa mbuzi.

Safari hii mzee hakubaki kwenye gari. Alivua viatu vyote viwili, akamshika mkewe bega, akatembea polepole juu ya nyasi, akiusikiliza mteremko kwa nyayo. Akasimama.

"Nilikwama hapa. Chimbeni hatua chache juu yangu."

"Na safari hii umevua mwenyewe," mkewe akamwambia, na wote wawili wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha, mpaka mtafiti akachukua jembe mwenyewe.

Vyungu vikapangwa upya. Mama Vinundu anasema hakuthubutu kutumaini kwa sauti. Siku ya kung'oa ilipofika alimwachia mtafiti wembe, akasema mikono yake leo haifai. Mtafiti akasuuza mizizi ya kwanza.

Vilikuwepo. Havikuwa vingi, vilishikamana karibu na shina, vikubwa kuliko alivyotarajia. Mtafiti akapasua kimoja, akamgeuzia.

Chekundu.

"Nilitaka kupiga kelele kama Daktari Mkubwa," anasema Mama Vinundu. "Lakini nilikaa tu pale kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamwona yule mzee na miwani yake, nikawaona wenzangu wote na nyuso zao nyeusi."

Mumewe aliitwa. Alipoletwa bandani, mkewe akamwekea kinundu kilichopasuliwa kiganjani. Mzee akakisogeza jichoni mpaka kikakaribia kugusa kope.

"Ni chekundu?"

"Ni chekundu, baba watoto."

Akafunga kiganja, akakaa nacho hivyo muda mrefu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya maabara: kuosha vinundu kwa spiriti na dawa ya kuua vijidudu vya nje, kuvisuuza, kuviponda, na kupaka maji yake kwenye visahani. Baada ya siku chache matone meupe yenye ute yakatokeza. Hayo na bakteria walioagizwa kutoka nje walipohamishiwa kwenye chakula chenye tindikali, kila aina kwenye kisahani chake, wale wa nje walinywea. Hawa waliendelea kuota.

Mtafiti hataki kutia chumvi. "Siwezi kuapa kwamba ni yuleyule aliyechukuliwa miaka ile. Bakteria hubadilika. Huyu anaweza kuwa mjukuu wake."

"Mjukuu ananitosha," anajibu Mama Vinundu.

Mtafiti anatahadharisha pia kwamba bakteria pekee hawatoshi. Udongo wa vilimani unahitaji chokaa kidogo kupunguza tindikali, na fosforasi, la sivyo vinundu havitafanya kazi ipasavyo. Lakini kwenye mashamba ya majaribio msimu uliopita, maharage yaliyopakwa Bondeni mpya yalisimama kijani pembeni ya mengine ya njano, na wakulima wakaanza kufika getini wenyewe, wawili leo, watano kesho.

Mkataba wa Mama Vinundu unaisha mwishoni mwa mwaka huu, na safari hii anasema hatauomba tena. Tayari anamfundisha msichana mmoja aliyeajiriwa kuosha vyombo. Anasema alimchagua kwa sababu hana haraka.

Kabla hajaondoka ana mpango mmoja. Ametengeneza mirija mingine ya Bondeni, na mtafiti ameshakubaliana na vituo vingine vitatu vitakavyoitunza, kila kimoja kwenye friji yake. Mwenyewe ndiye atakayeipeleka, ameipakata mapajani.

Nakala nyingine haitakaa kwenye friji. Binti wa yule bibi amehamisha mbuzi, amechimbua pale mbele ya nyumba, na mvua zikianza atapanda maharage. Amekubali kuyapanda kila mwaka maadamu yuko hai, na wanawe wamekubali kuendelea baada yake. Mama Vinundu na mumewe wameahidi kwenda kumsaidia kila msimu wa kupanda, na tayari wanabishana nani atakaa kiti cha mbele.

"Friji inaweza kuharibika, hata tatu kwa mpigo," anasema, huku akizima taa ya spiriti na kufungua dirisha la kwanza. "Lakini pale shambani, hata dhoruba ije, nani atanikatia umeme?"